Krismasi ya mpakani isimlemee mtu mmoja

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, huwa na misongamano miwili. Wa kwanza ni wa malori, ambao wenyeji wameuzoea mwaka mzima, maana mizigo inayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na Goma hupitia hapa. Wa pili ni wa watu. Mabasi ya usiku kutoka Nairobi huwashusha abiria alfajiri, wakiwa na mabegi, magunia, magodoro yaliyokunjwa na watoto wenye usingizi. Wengine hubaki upande wa Kenya wakitafuta bodaboda ya Amagoro, Kocholia au Angurai. Wengine huingia kwenye jengo la uhamiaji, wakaonyesha kitambulisho, wakatokea upande wa pili na kupanda teksi ya Tororo.

Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kwa familia za huku hilo si jambo dogo. Mwaka 1902 Waingereza walilichukua jimbo la mashariki la Uganda, wakaliunganisha na eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya, na mstari ukapita katikati ya Wateso. Ndugu waliolala wakiwa wa utawala mmoja waliamka wakiwa wa tawala mbili. Ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta mjomba ana mji wake Osukuru, shangazi ameolewa Chakol, bibi amezikwa upande mmoja na babu upande mwingine. Krismasi ya familia ya namna hiyo ina serikali mbili, shilingi mbili na kalenda mbili za shule. Furaha yake ni kubwa, lakini mzigo wake pia ni mkubwa, na mara nyingi mzigo huo huangukia mabega ya watu wawili tu: yule anayetoka mjini na yule mama mwenye mji.

Tumtazame kwanza wa mjini. Anayerudi kutoka Nairobi au Kampala hubeba matarajio ya ukoo mzima. Hakuna aliyekaa naye akamuuliza kazi inaendeleaje. Inadhaniwa tu kwamba mtu wa mjini ana pesa. Nauli imepanda kwa sababu ya msimu, mshahara umechelewa, kodi ya nyumba inamngoja, lakini akishuka bila sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia na leso ya mama, ataonekana amepotea huko mjini. Vijana wengine huamua kutokuja kabisa. Mama anapiga simu, nao wanasema kazini hawakupewa ruhusa, kumbe wanaona haya kufika mikono mitupu. Wengine huja, lakini kwa mkopo wa simu, na mkopo huo huwafuata hadi Machi. Sikukuu inayomfukuza mtoto nyumbani, au inayomrudisha mjini na deni, haijamtendea haki Yule tunayesema tunamwadhimisha.

Mama mwenye mji yeye huanza mapema zaidi. Desemba ikiingia, nyumba za udongo hukandikwa upya, kuta zikapakwa mchanganyiko wa udongo, majivu na kinyesi cha ng'ombe, uwanja ukafagiliwa hadi kwenye kichaka. Mahindi husagwa, wimbi husagwa, kuni hupangwa, magodoro huazimwa kwa majirani. Mkesha wa sikukuu anakanda unga wa chapati usiku. Asubuhi kuna kuku wa kuchinjwa na kunyonyolewa, mchele wa kuchagua, karanga za kutwanga, maji ya kuteka. Kengele ya kanisa inalia, wanaume wamevaa, watoto wamevaa, naye yuko jikoni, machozi ya moshi yanamtoka. Wanaporudi kutoka ibadani wanauliza chakula kiko wapi.

Naona hili ndilo doa kubwa katika Krismasi zetu, na linaniudhi kila mwaka. Nyumba ya Kikristo husherehekea kuzaliwa kwa Kristo, kisha mtu aliyeitunza nyumba hiyo miezi kumi na miwili anakosa misa au ibada ya siku yenyewe. Kama kuna jambo moja tu ambalo familia ingebadilisha mwaka huu, liwe hili. Misa ya mkesha inafaa kwa wengi. Chakula kinaweza kuliwa saa kumi badala ya saa saba. Wavulana wanaweza kufundishwa kukanda unga na kugeuza chapati, na wengi wao wanajua tayari, kwa kuwa huko mjini wanajipikia wenyewe. Wakifika kwa mama ndipo wanapojifanya wageni. Wakwe wa kike nao wasikabidhiwe sufuria zote huku mawifi wakipiga picha chini ya mwembe.

Anayetaka kujua ni wapi tuliongeza na ni wapi tulipunguza arudi kwenye habari yenyewe. Luka, katika sura ya pili, anaeleza safari iliyotokana na amri ya serikali ya watu kuandikishwa. Yusufu na Mariamu walifika wakiwa wamechoka, nafasi ya kulala haikuwapo, na mtoto akalazwa katika hori la ng'ombe. Mathayo anaendelea kwamba baadaye walivuka mpaka wakakimbilia Misri kuokoa maisha ya mtoto. Karatasi za serikali, safari ndefu na mjamzito, kukosa chumba, kuvuka mpaka usiku: watu wa Malaba na Busia hawahitaji maelezo marefu kuzielewa habari hizi. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliomba waandaliwe hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, ili waumini waone kwa macho yao ufukara ambamo Bwana alizaliwa. Pango tunalolitengeneza kanisani kila Desemba limetoka katika desturi hiyo. Hori na nyasi bado vipo katika miji mingi ya Teso, na ng'ombe wenyewe wapo. Watoto wakipewa siku mbili watatengeneza pango uani kwa udongo wa mtoni na majani ya migomba, bila kununua hata taa moja, na watakumbuka zaidi kazi hiyo kuliko viatu vipya.

Sisemi sherehe ifutwe. Nyama ya Krismasi ina maana yake mahali ambapo familia nyingi hazili nyama kila wiki, na nguo mpya ya mtoto ina maana yake pia. Ninachosema ni kwamba gharama igawanywe, na igawanywe mapema.

Njia ya kuigawanya ipo, na watu wa kawaida wameitumia muda mrefu. Ni vikundi vya nyama. Mwanzoni mwa mwaka majirani kadhaa huanza kuchanga, kila wiki au kila mwezi, kiasi ambacho hata mama anayeuza nyanya kando ya barabara anakimudu. Desemba ikifika hununua ng'ombe mnadani, wakamchinja mkesha wa sikukuu, na kila mwanachama akaondoka na fungu lake kulingana na mchango wake. Hakuna anayekopa wala anayeaibika. Kijana wa mjini ambaye ni mwanachama hutuma kidogokidogo kwa simu tangu Februari, na nyumbani nyama hufika hata kama yeye hakupata nauli. Katika miji mingi ya huku kuna pia jambo zuri ambalo halijaandikwa mahali popote: huitwa jirani Mwislamu aje achinje, ili mashemeji na marafiki Waislamu nao wakae mezani bila wasiwasi. Desturi hiyo ilindwe kama yai.

Vikundi vya kuweka na kukopa hufanya kazi kwa mpango unaofanana na huo. Fedha huwekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Mwisho wa mwaka sanduku hufunguliwa, watu wakagawana akiba na faida. Wengi hupanga mgao huo uwe Desemba, na hapo ndipo ninapotofautiana nao kidogo. Pesa yote ikitoka wiki moja kabla ya sikukuu, sikukuu huimeza yote. Vikundi vinavyogawa mara mbili, sehemu Desemba na sehemu wiki ya kwanza ya Januari, vimewaelewa wazazi vizuri zaidi.

Kwa maana Januari haimsamehe mtu, hasa upande wa Kenya. Mwaka 2025 shule za Kenya zilifunguliwa Januari 6, siku kumi na mbili tu baada ya Krismasi, ilhali za Uganda zilifunguliwa Februari 3. Ndugu wawili walioketi meza moja, mmoja wa Adungosi na mwingine wa Tororo, hawana Januari moja. Wa Tororo ana karibu mwezi mzima wa kuuza mahindi na kukusanya ada. Wa Adungosi anahesabu sare, vitabu na karo kabla mifupa ya kuku haijaondolewa uwanjani. Asipolisema hilo, shemeji atamwona mchoyo. Akilisema mapema, mezani au kwa simu mwezi Novemba, familia itaelewa kwa nini mchango wake ni kuku wawili na si mbuzi. Ada itengwe kwanza, kisha sikukuu ipangwe kwa kinachobaki. Huo si uchoyo wala uhaba wa imani.

Manunuzi nayo yana akili yake mpakani. Mchele wa mashamba ya Doho, wilayani Butaleja, na wa Kibimba kando ya barabara ya Bugiri hufika masoko ya Tororo, Busia na Malaba, na familia nyingi za upande wa Kenya huvuka kuununua pamoja na ndizi za matoke za kutoka Mbale. Wa upande wa Uganda nao hutazama bidhaa za viwandani za Kenya. Wanaongoja tarehe 23 ndio wanaoumia: bei imepanda, wavunja pesa wamebadilisha viwango, watu wamejaa, na kishawishi cha kupita njia za panya ni kikubwa. Mtu anayepita kichakani usiku na gunia la mchele huhatarisha mzigo, pesa na wakati mwingine maisha, kwa sababu ya kitu ambacho angekivusha mchana. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unawaruhusu wafanyabiashara wadogo kuvusha bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, bila ushuru wa forodha, kwa cheti chepesi cha uasili kinachotolewa hapohapo mpakani. Kikundi kinachonunua magunia ya sikukuu ya kugawana kikaulize habari za cheti hicho mwezi Novemba, wakati maafisa wana nafasi ya kuwasikiliza.

Kuna mizigo mingine ambayo haipimwi kwa shilingi. Krismasi ndiyo siku pekee ya mwaka ambapo ndugu wote wako nyumbani, kwa hiyo ndiyo siku ambayo kila mtu huleta jambo lake: mipaka ya shamba, mahari ambayo haijamalizika, mchango wa harusi, deni la mazishi ya mwaka jana, nani anamtunza baba. Jioni, wengine wakiwa wamekaa kuzunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu, neno moja la shamba linatosha kuuvunja umoja uliosubiriwa mwaka mzima. Wazee wenye busara hutenga siku. Tarehe 25 ni ya Mungu na ya kula pamoja. Kikao cha familia hufanyika tarehe 27 au 28, asubuhi, kabla mtu hajanywa chochote, na mwandishi wa kumbukumbu akiwapo. Familia inayotangaza ratiba hiyo mapema huwapa watu nafuu ya kukaa mezani bila kujikinga.

Vilevile kuna miji yenye kaburi jipya. Kwa mjane wa miezi sita, ngoma na spika kubwa kwa jirani huuma. Makanisa yetu yanajua kuzika. Bado hatujajua vizuri kukaa na mfiwa mwezi wa Desemba. Hapa ndipo jumuiya ndogondogo zinapopaswa kuonekana. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki na Kati, walipokutana chini ya umoja wao wa AMECEA mwaka 1976, walizifanya jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha kazi yao ya kichungaji, na leo ziko kila kijiji kuanzia Amukura hadi Nagongera. Waanglikana wana vikundi vya akina mama, Wapentekoste wana vikundi vya maombi vya nyumbani. Jumapili nne za Majilio zinatosha kupita nyumba nne: ya mjane, ya mgonjwa, ya wazee wasio na mtoto wa kuwajia, na ya yule ambaye amekorofishana na wenzake hadi akaacha kuja kusali. Kupeleka kilo ya sukari, kusoma neno, kuwauliza watakula wapi siku ya sikukuu. Mkristo aliyefanya hivyo wiki nne hufika tarehe 25 akiwa na kitu cha kushukuru, na hahitaji kukitafuta madukani.

Wapo pia wasiokuwa nyumbani siku hiyo. Mpaka wa Malaba hufanya kazi usiku na mchana. Afisa wa forodha, askari, muuguzi wa hospitali ya Kocholia, mlinzi wa ghala, wote hawa wana zamu. Na kuna madereva wa malori, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, Watanzania, ambao sikukuu huwakuta kwenye foleni wakichemsha chai kwenye jiko la makaa kando ya gurudumu. Januari 2022 walikwama kwa siku nyingi kwa sababu ya mgogoro wa vipimo vya korona. Foleni ilirefuka kilomita kadhaa, na bei ya mafuta ikapaa Uganda. Watu waliwajua siku hizo kwa sababu pampu zilikauka. Ingefaa tuwajue pia siku ya Krismasi. Kwaya iliyokwisha kuimba kanisani saa nne inaweza kuimba tena saa nane kwenye maegesho ya malori, na sufuria moja ya pilau ya parokia ingefika mbali. Kwa familia ya mtu mwenye zamu, kalenda ya Kanisa ina ukarimu: majira ya Noeli hayaishi tarehe 25, yanaendelea hadi sherehe ya Ubatizo wa Bwana mwezi Januari. Baba akirudi tarehe 29, kuku achinjwe tarehe 29, watoto waimbe tena. Kuzisambaza ziara katika siku hizo zote humpunguzia mama kazi, huipunguzia familia nauli za siku ya bei kali, na hufanya kila ukoo, wa upande huu na wa upande ule, upate zamu yake.

Tukiwa bado katika habari za mpaka, kuna Krismasi moja ambayo ukanda huu hautaisahau. Mwaka 2007 Wakenya walipiga kura Alhamisi, Desemba 27, siku mbili tu baada ya sikukuu. Matokeo yalitangazwa tarehe 30 na ghasia zikalipuka. Watu waliokuwa bado na mabaki ya chakula cha Krismasi majumbani walikimbia wakiwa na watoto na vifurushi, na maelfu wakavuka Malaba na Busia kuingia Uganda. Wengi walipelekwa Mulanda, wilayani Tororo, wakaishi kwenye mahema. Lakini kabla ya mahema kulikuwa na milango ya watu. Familia za upande wa Uganda, zilizokuwa zimetumia akiba yao kwa sikukuu kama kila mtu, zilipokea ndugu, na wengine ambao hawakuwa ndugu, zikapika tena. Hakukuwa na pambo wala nguo mpya, na kila aliyepokelewa alijua amepokelewa kwa jina la nani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, iwe uko Malaba, Busia au Tororo, au unasoma haya ukiwa Nairobi na tiketi bado hujakata, fanya jambo moja kabla ya Jumapili ya pili ya Majilio. Wapigie simu ndugu zako, au uanzishe kundi la simu la familia, na muulizane wazi: tutakutana kwa nani mwaka huu, tutakuwa wangapi, kila mmoja anaweza kutoa nini bila kukopa, nani atapika, na mama ataenda ibada ya saa ngapi. Kisha mtafute yule ambaye hajaja nyumbani miaka miwili au mitatu. Mwambie kwa kinywa chako kwamba nauli tu inatosha, na kama hana nauli, mchangieni. Aje mikono mitupu.